UTUNZAJI WA BARUA ZA KOMPYUTA KATIKA OFISI ZA VYAMA VYA MSINGI

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya mazao



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo umefundishwa katika semina nyingi za ushirika, na ni vigumu kumpata katibu asiyeufahamu. Lakini daftari la leo halikai tena kabatini peke yake. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za chama, yaani barua za wanunuzi, taarifa za benki, maelekezo ya Mrajis na hoja za wakaguzi, imo ndani ya kompyuta iliyo mezani pa katibu, katika programu ya kupokea na kutuma barua pepe. Programu hiyo ikizorota, daftari limezorota. Ikisimama, daftari limefungwa, na ufunguo wake haujulikani ulipo.

Madhumuni ya hotuba hii ni mawili. Kwanza, kueleza jinsi kompyuta yenyewe inavyoweza kuamriwa itekeleze, kwa siku na saa zilizopangwa, zile kazi ndogo ndogo za usafi zinazoiwezesha programu ya barua kwenda kwa wepesi. Pili, kubainisha kazi ambazo haifai kabisa kuikabidhi mashine. La pili ndilo zito zaidi, kwa maana linagusa haki ya mwanachama.

Toka jalada hadi kompyuta

Shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa kanda hii, lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, liliundwa mwaka 1955, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Paul Bomani. Enzi hizo barua ya chama ilikuwa karatasi. Karani wa masjala aliipokea, akaipiga muhuri, akaiandika katika rejista, kisha akaitia katika jalada lake. Jalada lilipojaa lilifungwa kwa kamba, likaandikwa namba, na jalada jipya likafunguliwa. Kazi hiyo haikungoja jalada lipasuke. Ilikuwa sehemu ya utaratibu wa ofisi.

Ushirika ulipitia misukosuko. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza mwenendo wa vyama, na miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni uhaba wa watumishi wenye ujuzi na wanachama kutofahamu mambo ya vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Katika mageuzi ya namna hiyo viongozi huondoka, majengo hubadilisha wenyewe, na majina hubadilika. Kinachobaki kuthibitisha kwamba mkulima fulani alileta pamba yake na anastahili malipo yake ni maandishi.

Kompyuta nayo ina historia yake nchini. Wizara ya Fedha ilipata mashine yake ya kwanza mwaka 1965. Na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya kazi ya hesabu za Serikali iliyokabidhiwa mashine hizo kwenda kombo. Marufuku hiyo imekwisha kuondolewa zamani, lakini funzo lake bado ni hai: mashine isiyokuwa na watu walioandaliwa kuitunza huleta hasara mahali pa faida.

Leo barua ya chama kilichoko Sengerema haihitaji tena kungoja kivuko cha Kigongo ili ifike Mwanza mjini. Gari nalo halingoji, kwani tangu tarehe 19 Juni 2025 hupita juu ya daraja. Na barua pepe haitumii hata daraja. Barua hufika kwa nukta chache. La ajabu ni kwamba, ikiisha kufika, katibu anaweza kukaa robo saa mbele ya kioo akingojea ifunguke.

Jinsi uzito unavyoingia

Makatibu wengi, wakiona programu imekuwa nzito, hudhani kompyuta imezeeka au ina virusi. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni ya kawaida zaidi, nayo yafaa ieleweke.

Katika programu ya Thunderbird, kwa kawaida barua zote za folda moja huandikwa mfululizo ndani ya faili moja kubwa, mithili ya daftari la kaunta. Katibu anapofuta barua, programu haichani ukurasa. Hupiga mstari tu juu ya barua hiyo, kuonyesha kwamba haihesabiki tena. Maneno yenyewe yanabaki mle mle. Basi katibu aliyefuta barua 1,000 anaamini amepunguza mzigo, kumbe daftari lina unene ule ule, na programu inalazimika kulibeba lote. Faili la barua la Outlook nalo lina tabia iliyo karibu na hiyo: nafasi iliyoachwa na barua zilizofutwa hairudi yote kwa upesi, na faili huendelea kuonekana nene.

Dawa yake ni kazi inayoitwa kubana folda. Programu hufungua daftari jipya, hunakili humo barua zilizo hai tu, kisha hutupa daftari la zamani.

Sababu ya pili ni viambatisho. Faili linapoambatishwa kwenye barua pepe hugeuzwa kuwa herufi za kawaida ili liweze kusafiri, na katika kugeuzwa huko huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja. Picha ya stakabadhi ya mzani yenye megabaiti 9 huingia sandukuni ikiwa na megabaiti kama 12. Chama kinachopokea picha za namna hiyo kutoka vituo kadhaa vya kununulia, kila siku ya msimu, hujaza sanduku lake kabla ya msimu kwisha.

Sababu ya tatu ni fahirisi. Ili kumpatia katibu barua upesi, programu huweka orodha ya yaliyomo, na orodha hiyo hukua kadiri barua zinavyoongezeka. Fahirisi ikivurugika, utafutaji huwa wa polepole au huleta majibu ya uongo. Katika Thunderbird folda yenye kasoro hurekebishwa kwa kufungua sifa zake na kuamuru irekebishwe. Programu huandika orodha upya kutokana na barua zenyewe.

Uzito huo una mwisho wake. Matoleo ya Outlook ya kabla ya mwaka 2003 yalikuwa na ukomo wa gigabaiti 2 kwa faili moja la barua. Matoleo ya 2003 na 2007 yaliwekewa gigabaiti 20. Na tangu toleo la 2010 ukomo wa kawaida umekuwa gigabaiti 50. Faili likifika kikomo halipokei barua nyingine, na faili nene huharibika kwa urahisi zaidi kuliko faili jembamba.

Kwa nini kumbukumbu ya mtu haitoshi

Itasemwa: kama ni hivyo, katibu na abane folda zake kila anapokumbuka. Shauri hilo ni jema, ila halitekelezeki. Wakati ambao programu inahitaji usafi zaidi ndio wakati ambao katibu hana nafasi. Mwezi wa Mei msimu wa pamba unapofunguliwa, katibu ana mzani, ana magunia, ana wakulima waliopanga foleni tangu alfajiri, na ana mnunuzi anayepiga simu. Hakuna atakayeacha hayo akabane folda.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa hili wameipatia shida ya namna hiyo ufumbuzi wa miaka mingi. Wao huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapowaka, taa haiwavuti dagaa, na mitumbwi hupumzishwa ufukoni. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kutengeneza taa. Hakuna mvuvi anayekaa kufikiri kama leo nyavu zatakiwa kutazamwa au la. Mwezi umekwisha kumwamulia. Matengenezo yamefungwa kwenye kalenda ambayo mtu hawezi kuisahau, kwa sababu inamwangazia juu ya kichwa chake.

Ofisi ya chama haina mbalamwezi, lakini ina saa iliyomo ndani ya kompyuta, nayo haisahau. Kazi iliyopo ni kuifunga ratiba ya usafi kwenye saa hiyo.

Kazi za kuikabidhi mashine

Kazi zinazofaa kufanywa na mashine bila kumngoja mtu ni nne.

Ya kwanza ni kubana folda. Katika mipangilio ya Thunderbird, sehemu inayohusu mtandao na nafasi ya diski, mna kisanduku cha kuamuru kwamba folda zibanwe kila inapoonekana kazi hiyo itaokoa kiasi fulani cha megabaiti. Kiasi hicho huandikwa na mtumiaji mwenyewe. Kikiwekwa kidogo mno, programu itakatiza kazi mara kwa mara. Kikiwekwa kikubwa mno, uzito utarudi. Kwa kompyuta ya kawaida ya chama, kiasi cha megabaiti 100 hadi 200 chafaa kwa kuanzia. Kwa watumiao Outlook ile ya mtindo wa zamani, amri ya kubana imo katika mipangilio ya faili la barua.

Ya pili ni kumwaga pipa la taka. Programu zote mbili zaweza kuamriwa zimwage pipa kila zinapofungwa. Sharti lake ni kwamba katibu aache ile desturi ya kutumia pipa kama kabati la akiba. Wako watu ambao barua isiyokuwa na mahali pake huitupa pipani, wakitegemea kuifuata huko siku ikitakiwa. Desturi hiyo sharti ikome kabla amri haijatolewa.

Ya tatu ni kuchuja. Vichujio ni maagizo ya kudumu: barua kutoka benki iende folda ya benki, barua kutoka chama kikuu iende folda ya chama kikuu, matangazo ya biashara yaende folda ya matangazo. Sanduku la mapokezi likiwa na barua chache hufunguka upesi, na barua yenye haja huonekana. Hiyo ndiyo kazi ya karani wa masjala wa zamani, ila sasa hufanywa pasipo kikombe cha chai.

Ya nne, ambayo ni mama wa zote, ni kutoa nakala ya akiba. Windows inayo programu yake ya kupanga kazi kwa saa. Kwa msaada wa fundi, mara moja tu, huwekwa agizo la kunakili kabrasha zima la barua kwenda diski ya nje kila Ijumaa baada ya kazi, programu ya barua ikiwa imefungwa. Humo mna chaguo lenye manufaa makubwa kwa mahali ambapo umeme hukatika: kwamba kazi iliyokosa saa yake itekelezwe mara kompyuta inapowashwa tena. Chaguo hilo liwekwe. Diski ya nje isikae chumba kimoja na kompyuta baada ya kunakili. Mwizi na moto havichagui.

Tahadhari ya umeme

Katika kubana folda, daftari jipya huandikwa kando kabla ya la zamani kutupwa. Kwa sababu hiyo diski haina budi kuwa na nafasi tupu ya kutosha, na kazi haina budi kuachwa imalizike. Watumiaji wa Outlook Express, iliyokuja pamoja na Windows XP mwaka 2001, walilifahamu hilo kwa uchungu. Kuanzia maboresho ya mwaka 2004 programu hiyo ilikuwa ikiomba ruhusa ya kubana kila baada ya kufungwa mara 100. Wako waliochoka kungoja, wakaizima kompyuta katikati ya kazi, na wapo waliofungua siku ya pili wakakuta folda tupu.

Fundisho ni kwamba kompyuta ya mezani inayofanya kazi hizi peke yake sharti iunganishwe na betri ya akiba, angalau ile ya kushikilia dakika chache hadi kazi ifungwe salama. Chama kitumiacho kompyuta mpakato kina betri yake humo humo, mradi betri hiyo iwe nzima. Tena utaratibu uwe huu: nakala ya akiba kwanza, kubana baadaye.

Kazi ambayo mashine isikabidhiwe

Ndugu makatibu, hapa ndipo penye kiini cha hotuba hii.

Programu hizi zaweza pia kuamriwa zifute zenyewe barua zilizopita umri fulani. Thunderbird huweza kufuta barua zote za zaidi ya siku kadhaa, au kubakiza idadi fulani tu ya barua za karibuni. Outlook ya mtindo wa zamani ina utaratibu wa kuhifadhi barua kuukuu, ambao ukiwashwa huwa umepangwa kwa kawaida kufanya kazi kila siku 14. Nao una njia mbili, kuhamisha barua hizo katika faili jingine au kuzifuta moja kwa moja. Katibu aliyechoshwa na uzito wa programu anaweza kuona amri ya kufuta kuwa ni mkombozi. Kisanduku kimoja kikitiwa alama, programu inakuwa nyepesi siku hiyo hiyo.

Zingatieni matokeo yake. Mnunuzi alituma mwezi Juni barua ya kukubali bei na uzito wa pamba iliyopakiwa. Mwezi Machi wa mwaka unaofuata, mkaguzi anafika na kuuliza kwa nini malipo ya pili yalipungua. Kama amri ilikuwa kufuta barua zilizopita siku 180, ushahidi huo ulikwisha kutoweka mwezi Desemba, pasipo mtu kuona, pasipo mtu kuulizwa. Hakuna aliyeiba, wala hakuna wa kulaumiwa, na mkulima hana cha kushika. Hapo ule usemi wa wahenga unatimia herufi kwa herufi: mali imepotea, na habari zimepotea pamoja nayo.

Hatari huzidi pale akaunti inapotumia utaratibu wa IMAP, ambao ndio wa kawaida siku hizi. Kwa utaratibu huo, kilichomo katika kompyuta na kilichomo katika seva ni kitu kimoja. Barua ikifutwa mezani pa katibu, inafutwa na kwenye seva, na katika simu ya mwenyekiti pia. Asidhani mtu kwamba nakala nyingine imebaki huko mtandaoni.

Kwa hiyo kanuni na iwe moja tu: mashine ibane, ichuje, inakili na kumwaga kilichokwisha kutupwa na mtu, lakini uamuzi wa kutupa ubaki kwa mtu. Barua kuukuu zihamishwe, zisifutwe. Katika Thunderbird barua husogezwa kwenye folda za hifadhi zinazopangwa kwa mwaka; katika Outlook ichaguliwe njia ya kuhamisha, na faili la hifadhi litiwe katika orodha ya vitu vinavyonakiliwa kila Ijumaa. Hivyo sanduku la kila siku linakuwa jepesi, na kumbukumbu zinabaki salama kando, kama majalada yaliyofungwa kwa kamba.

Vyama vya ushirika huendeshwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hesabu zao hukaguliwa kila mwaka. Muda wa kutunza nyaraka usiamuliwe na kisanduku cha programu iliyotungwa Marekani. Uamuliwe na Bodi ya chama, kwa ushauri wa Mrajis na mkaguzi, na uandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Ratiba inayoafiki msimu

Ratiba ya usafi yafaa ifuate msimu wa pamba wenyewe. Mwezi Aprili, kabla ya ununuzi kufunguliwa, fundi aitwe atazame vichujio, nafasi ya diski na betri ya akiba. Kuanzia Mei hadi ununuzi umalizike, mashine ifanye kazi zake nne peke yake, na mtu asibadilishe mipangilio yoyote. Ununuzi ukiisha, katibu na mtunza fedha wakae pamoja siku moja, wahamishe barua za msimu katika folda ya hifadhi ya mwaka huo, na kutenga zile zenye mabishano. Mwezi Novemba, wakulima wanapoanza kupanda, nakala ya akiba ijaribiwe: ifunguliwe katika kompyuta nyingine, na barua tatu zisomwe. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Wajibu wa Bodi na wanachama

Mashine iliyopangwa vizuri hunyamaza, na ukimya huo una hatari yake. Diski ya nje ikijaa, kunakili husimama, na siku zinapita kila mtu akiamini kazi inaendelea. Kwa hiyo katika kila kikao cha mwezi Mwenyekiti aulize maswali matatu: nakala ya mwisho ni ya tarehe gani? Diski ina nafasi kiasi gani? Ni nani, mbali na katibu, anayelijua neno la siri na mpangilio wa kazi hizi? Majibu yaandikwe katika muhtasari.

Swali la tatu lisionekane kuwa la kumshuku katibu. Katibu huugua, huhamishwa, hustaafu. Neno la siri liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kasha la chama, na anuani ya barua pepe iwe ya chama wala si ya mtu binafsi. Chama ambacho barua zake zinaishi katika anuani ya mtu mmoja kimeweka daftari lake katika mfuko wa shati la mtu huyo.

Wanachama nao wana sehemu yao. Katika mkutano mkuu huulizwa habari za bei, za pembejeo na za mkopo, na ni haki yao. Waulize na hili: barua za chama chetu zinatunzwaje? Mkulima wa Magu au Kwimba aliyebeba pamba yake hadi kituoni hana haja ya kujua namna folda inavyobanwa. Ana haja ya kujua kwamba siku atakapodai chake, barua inayomtaja ipo, na itafunguka.